Siku Aliyoichagua Sangdu

...na siku ni hii, haiwezi kuwa nyingine, usiku baridi imeuma mpaka ndoo ya uani ikashika barafu, sasa jua limeukalia mgongo wa mlima na upepo hakuna, hata karatasi nyeupe zilizofungwa kwenye kamba ya mabua kuzunguka shina hazitikisiki, na upepo ndio adui, ukivuma kidogo tu maji ya mti yanarudi mizizini, siku ni hii, aliichagua mwenyewe Sangdu, mtoto wa mchagua-siku, kijiji kimemwachia yeye kama kilivyomwachia baba yake, mara mbili aliwaambia bado, wakanuna, wenzao wa bondeni wameshaanza kuuza maji ya miti yao, wakanuna lakini wakangoja, na leo ncha ya drili imegusa gome la gorosoe mkubwa, mti wa kwanza wa mepo wenye maji matamu, ambao hautobolewi na yeyote ila mtu msafi, aliyeoga kijitoni kwenye barafu, asiyegusa nyama wala pombe, asiyetoka kwenye nyumba yenye maiti... asiyetoka kwenye nyumba yenye maiti... na kidole kiko kwenye kitufe na hakibonyezi. "We Sangdu! Unautoboa au unauposa?" Shangazi Deokrye huyo, nyuma yake, karibu na meza ya tambiko yenye kichwa cha nguruwe, na watu wanacheka, na mwenyekiti Pyo anajikaza asicheke, "Mwacheni, shangazi, uzee wote huu hajawahi kuposa, aanze na mti," wacheke tu, mtu anayechekwa hatazamwi usoni, na uso wake leo usitazamwe, mama amelala, ndivyo ilivyo, amelala, wazee hulala, alikohoa usiku kucha nyuma ya mlango wa karatasi na kulipokaribia kupambazuka akaacha, na kuacha kukohoa ni jambo jema, anayekohoa usiku kucha akiacha ni kwamba amepata usingizi, Sangdu alichochea moto wa chini ya sakafu unaopasha vyumba, akaweka bakuli la uji kizingitini, akasema mama, naenda mlimani, na kila asubuhi tangu awe na akili mama hujibu vaa soksi mbili, hata akiwa na hasira naye hujibu vaa soksi mbili, na leo...

Leo alivaa soksi mbili bila kuambiwa. Mkono ulikuwa umeshafika mlangoni, vidole kwenye ile karatasi, ilikuwa vuguvugu kwa joto la sakafu, kusukuma kidogo tu, na akaurudisha mkono, kwa sababu asiyeona hajui, na asiyejua hana mkosi, nyumba yake haina maiti mpaka mtu aseme ina maiti, na pale chini mwenyekiti alipomuuliza mbele ya wote, "Kaka, nyumbani salama?" alijibu salama, mama kalala, wala hakudanganya, nani atasema alidanganya, maana angesema sijui, sijafungua, basi kamba ingekatwa, nguruwe angerudishwa, angetafutwa mtu mwingine aanze kuoga na kufunga upya, na mvua inakuja, redio imesema, baada ya mvua usiku hauna tena meno na mti hautoi kitu, vyumba vyote vimeshaombwa na watu wa mjini wanaokuja kukaa juu ya sakafu ya moto, watafune samaki mkavu wa chumvi na kunywa maji ya mti mpaka watokwe jasho, kijiji hakina kingine cha kukitoa kwenye majira haya, chestnati, zile njugu za mlimani, zimeliwa na ukungu, wote wanamtegemea yeye, kwa hiyo abonyeze, gome ni jembamba upande huu wa jua, abonyeze basi... "Maji yameshapanda?" Mama huyo, kila jioni tangu theluji ya kwanza. Bado, mama. "Nipe bakuli moja tu, mifupa inaniuma, nikinywa nitalala." Bado, mama, tukitoboa mapema tundu linaziba, yakija maji yenyewe hatupati. "Wenzako wanakunywa." Wenzangu nani? "Wa chini ya sakafu. Nawasikia. Mizizi imefika huku, inavuta." Naye alicheka, alisema ni panya hao, mama, lakini usiku ule aliweka sikio kwenye sakafu ya chumba chake mwenyewe, mtu mzima kabisa, akasikia kitu kikinyonya, polepole, kikipumzika, kikinyonya tena, akahamisha kitanda... anaogopa, aseme ukweli wake, anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Kaka, jua linapanda," anasema mwenyekiti, kwa upole sasa. Baba alikuwa anasikiliza kwanza, naye anaegemeza sikio kwenye shina, gome linaunguza kwa baridi, ndani kimya, kisha ndani mtu anakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, cha mtu anayejizuia asisumbue nyumba. Ni barafu inapasuka ndani ya mti, analijua hilo tangu utoto, barafu ikilegea hupasuka hivyo... kinasikika tena, na maiti hakohoi, maiti hakohoi, basi mama yuko hai, ahsante, yuko hai, nyumba ni safi, bonyeza... ila kama yuko hai kwa nini hakujibu. Na hapo kinamjia kile alichokiacha kizingitini pamoja na uji, ule mkwaruzo. Aliporudisha mkono kulikuwa na mkwaruzo, kucha kwenye karatasi ya mafuta iliyotandikwa sakafuni, chini, karibu na mlango, karibu kabisa, mara moja, kisha mara nyingine ndefu, naye akasema panya, akasema moyoni kwa haraka panya panya, akavaa viatu. Mama alikuwa amejikokota mpaka mlangoni. Sauti imekwisha, akajikokota. Unene wa karatasi tu ulikuwa kati yao, na yeye mwanawe akaogopa kuona maiti, akamwacha aliye hai ajue kwamba ameachwa, asikie soksi mbili zikishuka ngazi, geti likifunguliwa, likifungwa. Na saa hii bado yuko pale, au hayuko, na kutoka hapa mpaka nyumbani hata akikimbia... miguu haitoki, kidole hakibonyezi, paji la uso limeangukia gome na hawezi kuliinua. Nyuma yake kicheko kinakatika. Deokrye ananong'ona, "Inameni, inameni, ameanza," na wote wanainamisha vichwa, kofia zinavuliwa, kijiji kizima kimya nyuma ya mgongo wake kikimwachia yeye amwombe mlima, naye anaomba kweli, kwa moyo wote, hajawahi kuomba hivi, anaomba mama awe alishakufa kabla ya ule mkwaruzo.