Mkwe Wangu na Ngazi Isiyoshikwa

Mi sijasoma sana, lakini ngazi nazijua. Miaka kumi na tisa nimeosha vioo vya ofisi hapa Kolwezi, na katika miaka yote hiyo sijaona mtu mzima mwenye akili zake akichagua ngazi kijinga kama mkwe wangu Badibanga. Nasema kijinga, na bado nampenda. Sikilizeni kwanza.

Kazi ya vioo sasa ni yake na ya binti yangu Abigaël. Mi magoti yalinikatalia, nikawaachia ndoo, matambara na wateja. Badibanga anapanda, Abigaël anashika ngazi chini. Kazi haikosekani huku: malori ya migodi yanapita mchana kutwa, vumbi jekundu linaruka, na kioo ulichokiosha Jumatatu, ikifika Alhamisi huwezi kumwona mtu aliye ndani. Lakini Abigaël akapata mimba, na ilipofika mwezi wa saba daktari akamwambia akae, asisimame muda mrefu, asiinue hata ndoo. Wiki hiyo hiyo Tata Donatien, mwenye lile jumba jipya la vioo vya buluu pale Manika, akawaita. Waoshe jumba lote Jumamosi, na akiridhika atawapa kazi ya kila mwezi.

Basi nani atashika ngazi? Nikasema mi nipo. Magoti hayapandi, lakini mikono inashika.

Hapo njo taabu ilianza. Sisi ni watu wa Kasai. Babu zetu waliletwa huku kuchimba shaba, sisi tumezaliwa huku, hata ndoto tunaota kwa Kiswahili, lakini bukwe hatukuiacha njiani. Bukwe ni ile heshima kati ya mwanamume na mama wa mke wake. Badibanga hanipi mkono. Hatuli sahani moja, na hakalii kiti nilichokalia mi. Nikipita anaangalia chini. Akitaka kuniambia kitu anamwambia Abigaël, na Abigaël ananiambia mi, hata kama sote watatu tuko chumba kimoja. Abigaël asipokuwepo, anaiambia ndoo.

Msicheke. Anasimama mlangoni na kusema, "Ndoo, ambia mama sabuni imeisha." Nami naijibu ndoo hiyo hiyo kwamba sabuni iko nyuma ya mlango, angefungua macho angeiona. Miaka mitatu tumeishi hivyo na hatujawahi kugombana. Kuna watu wanaongea uso kwa uso kila siku na hawawezi kusema hivyo.

Alhamisi tukaenda kwa Polycarpe, muuza vyuma, kununua ngazi. Ile yao ya zamani ilikuwa ya mbao, fupi, na kidato cha tatu kilishaanza kuliwa na mchwa. Badibanga alitangulia mbele hatua kumi, ndoo tupu mkononi kana kwamba anakwenda bombani. Nilijua ndoo ile ni ya nini.

Polycarpe alitutolea mbili. Ya kwanza ilikuwa ya alumini, ya kuegemeza ukutani, vipande viwili vinavyovutwa kwa kamba mpaka mita sita. Niliigeuza, nikaiangalia miguu: mpira mzima, wenye mistari, haujakauka. Nilitikisa vidato kimoja kimoja, hakuna kilichocheza. Nilikanyaga ndoano zinazobana kile kipande cha juu, zikabana vizuri. Chini ilikuwa na ubao mpana wa kuifanya isipinduke kando. Hiyo ni ngazi ya kazi. Ningekuwa na magoti ningeipanda pale pale dukani.

Badibanga hata hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja kwa ya pili, ile yenye miguu minne inayofunguka na kusimama yenyewe. Ni ngazi nzuri, sikatai, ukiwa ndani ya nyumba, kwenye sakafu iliyonyooka, unabadilisha balbu. Lakini mbele ya jumba la Tata Donatien sakafu inateremka kidogo ili maji ya mvua yapate njia. Halafu ilikuwa fupi. Kuvifikia vioo vya juu angelazimika kusimama kwenye kidato cha mwisho kabisa, mahali ambapo mtu hasimami, anaweka tu kopo la rangi. Yote hayo niliiambia ndoo, tena kwa sauti. Polycarpe akajifanya anahesabu misumari.

"Ndoo, ambia mama hii haiombe mutu wa kuishika," Badibanga akajibu. Akalipa, akaibeba begani, akaondoka.

Nilirudi nyumbani nimekasirika hata chai sikunywa. Nilikasirika kwa sababu nilidhani nimeelewa. Hakuitaka mikono yangu. Na mi nilijua kwa nini mtu asiitake.

Marehemu mume wangu, Tshilombo, alishuka mgodini miaka thelathini na kila jioni alirudi na vidole vyake vyote kumi. Aliyemuua si mgodi. Alianguka hapo hapo kwenye nyumba yetu wenyewe, akirudisha bati la paa kabla ya mvua, juu ya ngazi niliyokuwa nimeishika mi. Nilisikia harufu ya maharagi yanaungua. Nikamwambia, nakwenda na kurudi. Nilikwenda, nikaipua sufuria, nikarudi, na mume wangu alikuwa chini. Hakuna aliyenilaumu, hata ndugu zake, na hilo njo lilinimaliza kabisa. Abigaël alikuwa na miaka tisa. Nikajisemea, bila shaka amemweleza mumewe, na huyu kijana ana haki yake kuogopa mikono inayoachia.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Manika. Alifungua ngazi yake ya miguu minne, akapanda na ndoo ndogo na mpira wa kufutia kioo. Mi nilisimama mbali, nikampa mgongo kama inavyotakiwa, kwa sababu mama mkwe hasimami chini ya mkwe wake kumwangalia suruali. Vioo vya chini vilikwenda vizuri. Nilisikia mpira ukiteleza, nikatambua kwa sauti tu kwamba anafanya kazi safi.

Kisha akaanza vya juu. Nikasikia mguu wa ngazi unagonga sakafu. Ukanyamaza, ukagonga tena. Sauti ile naijua, ni mguu mmoja haukukaa, na kila mara mtu aliye juu akinyoosha mkono ngazi inahama kidogo. Nilikaza macho kwenye ukuta wa jirani. Moyoni nilikuwa na bukwe upande mmoja na maharagi upande mwingine, na nawaambia ukweli, ilichukua muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Halafu nikageuka.

Alikuwa amesimama kwenye kidato cha mwisho kabisa, mkono mmoja kwenye kioo, na mguu mmoja wa ngazi ulikuwa hewani. Nilikimbia na magoti yangu haya haya. Nikaikumbatia ile ngazi kwa mikono miwili, nikaisukuma mpaka ule mguu ukarudi chini, na kichwa changu kikawa kwenye viatu vyake.

"Shuka," nikasema. "Badibanga, shuka."

Katika miaka mitatu nilikuwa sijawahi kumtamkia jina lake. Akashuka polepole, nami nikaugeuza uso pembeni lakini mikono sikuitoa. Alipofika chini alikaa palepale kwenye ukingo wa barabara, akajifunika uso. Nikamwona anatafuta ndoo kwa macho, lakini ndoo kubwa ilikuwa kule mbali kwenye bomba. Mwishowe akaongea na sakafu.

"Mama, unisamehe. Mi siwezi kuweka miguu yangu juu ya kichwa ya mama ya bibi yangu. Njo maana nilichukua hii, ya kusimama yenyewe."

"Nilifikiri ni juu ya maharagi," nikasema.

"Maharagi gani?"

Abigaël hakumwambia. Miaka yote hiyo mtoto wangu alinitunzia siri yangu, hata kwa mume wake. Nikakaa kwenye ukingo, si karibu naye, nafasi ya watu wawili katikati, nikamweleza mwenyewe. Nilimweleza bati, mvua, sufuria, na vile nilivyomkuta Tshilombo. Nililia pia, sitaficha. Hakuniangalia, lakini alisikiliza mpaka mwisho, na malori yalipopita alisubiri kelele ziishe ili asikose neno.

Nilipomaliza aliniuliza, kwa sauti ndogo, wazee watasema nini wakisikia mama mkwe amesimama chini yake. Maana ukivunja bukwe unatoa mbuzi, njo desturi.

"Wakiomba mbuzi, utatoa mbuzi," nikamwambia. "Mbuzi inauzishwa ku soko. Baba ya mutoto ya Abigaël hauzishwi."

Tukairudisha ile ngazi. Polycarpe alinung'unika kwamba imeshapata matope, nami nikamwambia ayafute, ana matambara mengi kuliko mi. Alikubali kutubadilishia, tukaongeza kidogo, na saa tano tulikuwa tena mbele ya vioo vya Tata Donatien na ile ya alumini. Niliipanga mwenyewe. Kichwa cha ngazi nilikiweka kwenye ukuta kati ya madirisha mawili, si kwenye kioo. Miguu niliivuta kutoka ukutani, hatua moja kwa kila hatua nne za kwenda juu. Nikaweka mguu wangu wa kulia kwenye kidato cha kwanza, mikono miwili kwenye nguzo zake, nikamwambia apande.

Akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya ukuta kama mtu anayeingia kwa watu, akapanda pekupeku juu ya kichwa changu.

Maji mekundu yalianza kunidondokea kwenye kitambaa cha kichwa. Nikasikia mpira umesimama. "Osha," nikamwambia, na akaendelea. Tulimaliza upande wa kwanza, tukahama, tukamaliza wa pili. Kitambaa kilikuwa kimelowa chote na mi sikujali.

Alikuwa kwenye dirisha la mwisho, juu kabisa, simu yangu ilipolia mfukoni mwa sketi. Ule ulikuwa mlio wa Abigaël. Ikalia, ikakatika, ikaanza tena. Mimba ya miezi saba, binti yangu yuko peke yake nyumbani, na simu inalia mara mbili. Mungu wangu, mikono ilitaka kwenda yenyewe. Nikaibana kwenye ile alumini mpaka vidole vikauma. Juu Badibanga naye alikuwa amesikia, nikamsikia anaanza kushuka haraka.

"Polepole," nikasema. "Mi siendi popote."

Akashuka kidato kimoja kimoja. Nyayo zake zikapita juu ya kichwa changu, zikapita kwenye masikio, zikapita kwenye mabega, na mikono yangu ilikuwa pande zake zote mbili wakati wote. Zikagusa sakafu.

"Mama, nimefika," akasema. Ndoo ilikuwa pale pale pembeni mwake na hakuiangalia.

Hapo tu nikaachia. Vidole havikukubali kufunguka mara moja, ilibidi nivinyooshe kwa mkono mwingine. Kisha nikatoa simu nikampigia mtoto wangu, Badibanga amesimama hatua tatu kutoka kwangu, pekupeku.

Abigaël alikuwa anauliza tu kama aweke maharagi motoni, maana ameona tumechelewa. Nikamwambia aweke. Yakiungua, tutayala hivyo hivyo.