Hatupiki Jumamosi Hii

Gari liliwashusha mbele ya hoteli ndogo ya ghorofa mbili huko Puerto Morelos, Meksiko, jua likiwa limeshaanza kujificha nyuma ya nyumba. Walikuwa wanawake watatu, wote wajane, kutoka miji mitatu: Nzigire wa Louisville, Rakeli wa Columbus na Sandrine wa Buffalo. Miaka sita walikuwa majirani katika kambi moja ya wakimbizi wa Kongo huko Burundi, wakichota maji bomba moja, kabla Marekani haijawatawanya. Tangu hapo walikutana kwenye harusi na misiba tu, na kila mara mahali pamoja: jikoni.

Na ni jikoni safari hii ilikoanzia. Ilikuwa Januari, kwenye chumba cha chini cha kanisa moja la West Side kule Buffalo, theluji imeziba madirisha. Walikuwa wakisugua masufuria ya msiba wa mtu ambaye hata mmoja wao hakuwahi kumwona. Sandrine, mdogo wao, akaacha kusugua.

"Donc siye tutakutana siku gani bila sufuria katikati?"

Ndipo Nzigire akawasimulia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku ya harusi ya mwanawe Aganze, yeye mama mzazi alikuwa jikoni, chini ya ukumbi, anasonga ugali wa watu mia tatu. Alisikia vigelegele kupitia dari, akajua kijana wake ameshasema "ndiyo". Alisimama na mwiko mkononi mpaka vigelegele vikaisha, kisha akaendelea kusonga, maana wageni walikuwa karibu kushuka kula.

Kufikia Aprili walikuwa na tiketi.

Lakini kulikuwa na Salomon. Salomon alikuwa mdogo wa Mushagalusa, marehemu mume wa Nzigire. Alikuwa mzee wa kanisa kule Columbus, na hakuna shauri la ukoo lililopita bila yeye. Habari za safari alizijua mapema kama kila mtu. Hata hivyo, alipopanga sherehe ya mahari ya binti yake Aline, aliiweka Jumamosi ya wiki ileile.

Jioni hiyo ya kwanza walikula mezani juu ya mchanga, miguu peku. Waliletewa samaki wazima wa kukaanga, wali, maharagwe na ndimu. Rakeli alipomaliza alipanga sahani zote tatu moja juu ya nyingine, akasimama nazo. Mhudumu akazichukua kutoka mikononi mwake taratibu, akitabasamu. Sandrine alicheka mpaka akapaliwa.

"Mama Gisubizo, keti!"

"Mikono yenyewe njo inaenda," Rakeli akasema kwa haya. Kazi yake kule Linden, mtaa wa Columbus, ilikuwa kulea wazee, kuwaogesha na kuwalisha, kisha kurudi nyumbani na kuanza upya.

Simu ya Nzigire ikaita. Aliona jina, akaiweka katikati ya meza ili wote wasikie.

"Mama Aganze," sauti ya Salomon ikasema. Nyuma yake zilisikika sauti za wanaume wengine. "Bon, nimekaa na wazee. Tumeona mubadilishe tiketi, murudi kesho. Wageni wa upande wa mume ni mia mbili. Nani atapika?"

"Tarehe yetu uliijua tangu mwezi wa nne, shemeji."

"Tarehe wanapanga wazee. Bahari haihami, utaikuta."

"Hata masufuria hayahami. Yako gereji kwangu. Aganze atakuletea."

"Unanichezea?"

"Hapana. Ninakujibu."

Salomon akashusha pumzi. "Wajane wazima, kwenda kuchezea maji. Watu wanasema, mama. Basi sikiliza vizuri. Siku ya kilio chako tutaona nani atakuja."

Kwa mtu atakayezikwa mbali na kwao, hakuna tisho zito kuliko hilo. Ni nani atakayekuosha? Ni nani atakayekuimbia mpaka asubuhi? Nzigire alitazama mafuta ya samaki yaliyoganda vidoleni mwake.

"Siku hiyo, shemeji," akasema, "hata miye sitapika."

Upande wa pili mwanaume mmoja aliangua kicheko, kikakatwa ghafla. Kisha simu ikakatwa. Sandrine alipiga meza kwa kiganja. Rakeli hakucheka. Nzigire aliigeuza simu kifudifudi mezani.

Aliamka saa kumi alfajiri, kwa kuwa mwili wake ulijua saa ya zamu yake ya kazi ghalani hata ukipelekwa Meksiko. Alisubiri kupambazuke, akashuka ufukweni. Wanaume wenye reki walikuwa wakikusanya majani ya kahawia ambayo bahari ilikuwa imeyatapika. Simu ikaita tena. Alikuwa Aline.

"Mama mkubwa, plizi." Binti alikuwa analia. "Papa anasema ninyi mnanikataa. Miye nilitaka tu sombe yako."

Hapo Nzigire alikaribia kushindwa. Mtoto huyu, yeye ndiye aliyembeba mgongoni kule kambini. Salomon alijua vizuri mlango wa kupitia.

"Aline, katika sherehe zote ulizokwenda, uliniona mara ngapi nimekaa ukumbini?"

Hakungoja jibu.

"Siku ya harusi yako nataka nikuone ukiingia. Nikirudi sasa kupika, hata siku hiyo watanipeleka jikoni. Njo maana sirudi. Sikukatai weye."

Aline alivuta kamasi. "Sasa nani atapika?"

"Kaka yako Reginaldi ana mikono miwili, na baba yako pia. Majani ya muhogo yamo kwenye friza ya mama yako. Kwanza yachemke vizuri, msiyaharakishe. Mafuta ya mawese baadaye."

Alipokata simu alimwona Rakeli amesimama nyuma yake. Alikuwa amevaa viatu na koti la safari, sanduku pembeni.

"Salomon alinipigia hata miye," Rakeli akasema. "Niliita gari. Linakuja saa moja."

Nzigire alihisi hasira ikimpanda, lakini Rakeli akamwahi.

"Usinitazame hivyo, yaya, dada yangu. Weye uko Louisville. Miye njo ninasali na hao wazee kila Jumapili. Nikiugua, njo hao wataleta uji."

Nzigire alijua ni kweli. "Moyo wako ukikwambia uende, nenda," akasema. "Lakini usiende kwa sababu Salomon amekohoa."

Wakakaa kwenye viti vya hoteli, sanduku kati yao. Saa moja honi ikalia barabarani. Rakeli hakusimama. Ikalia tena. Sandrine akatokea na taulo begani, akatazama sanduku, akatazama viatu.

"Dereva anakuulizia."

"Mwambie…" Rakeli akasita. Alivua kiatu kimoja, kisha cha pili. "Mwambie Mama Gisubizo hajamaliza chai yake."

"Chai gani? Hujaletewa chai!"

"Basi wailete!" Rakeli akafoka, kwa sauti ambayo rafiki zake hawakuwahi kuisikia kwake, na wale wanaume wa reki wakageuka kutazama.

Ikaletwa. Waliinywa wamekaa, na hakuna aliyeondoa vikombe chai ilipoisha. Baadaye waliingia majini wote watatu wakishikana mikono, Rakeli na sketi yake ndefu, akipiga mayowe kila wimbi lilipomfikia kiunoni.

Jumamosi sherehe ya Aline ilifanyika. Sombe iliungua upande mmoja, kuku walinunuliwa wakiwa wamekaangwa tayari, na wageni walikula. Salomon hakuzungumza na Nzigire miezi mitatu, na jina la Rakeli likaondolewa kwenye kamati ya mapokezi pasipo mtu kumweleza sababu. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, wanawake wawili walimpita Rakeli mlangoni mwa kanisa bila kumpa mkono. Wa tatu alikuwa mke wa Salomon mwenyewe. Alimshika kiwiko, akamvuta hadi pale makoti yanapotundikwa, akatazama huku na huku.

"Mwakani," akanong'ona, "munaenda mwezi gani?"