Sifuri Iliyodanganya

...Alhamisi tarehe tisa, saa tatu na robo asubuhi, ndipo mume wake alipokata roho, na miezi saba yote hakuna aliyeigusa mita yake ya kupimia umeme, ila yeye leo, amepiga magoti mbele ya soketi ya jikoni iliyolegea, kifuniko kimefunguliwa, vidole nyuma ya kingo za plastiki kama marehemu alivyomwonyesha, ncha nyekundu huku, nyeusi kule, na kioo kinasema sifuri, Mungu mkubwa, umeme hakuna, fundi ni mimi... "Wifi! Feni imesimama huku chumbani, unataka kunioka?" ...huyu naye, dada wa mume, kulalamika ndiyo kazi yake, ngoja, bisibisi hii hapa, ashike waya, abadilishe soketi, yaishe... lakini mkono umegoma, anamwona marehemu, fundi umeme wake, na polepole yake ile, hagusi waya mpaka aipime mita kwenye soketi anayojua ina umeme, arudi, kisha aende tena kule, naye akimtania, baba watoto, unaisalimia mita? na yeye, nicheke tu, mke wangu, nikiwa mzima tutacheka wote... basi, kwa heshima yake, apime ile ya friji hapo ubavuni, friji inanguruma, kioo kinasema sifuri... sifuri? kwani friji inanguruma kwa maombi? anatazama swichi ya kuzungusha, kumbe iko kwenye mstari, alama ya betri, si kwenye wimbi, alama ya umeme wa nyumba, anazungusha, mia mbili thelathini na moja, anarudi kwenye ile iliyolegea, mia mbili ishirini na tisa... Mungu wangu, ina umeme! na bisibisi mkononi! na feni ya watu imesimama, kumbe kule kwenye boksi la umeme amezima swichi ya chumbani badala ya ile ya jikoni... "Wifi, umekufa huko?" "Bado, wifi!" na kicheko kinamtoka, cha tumboni, cha kwanza tangu msiba, hajainuka, magoti yaleyale, soketi ileile, ila ile polepole aliyodhani ni uoga, miaka ishirini na sita chakula kikipoa mezani, kumbe ndiyo iliyokuwa ikimrudisha kwake kila jioni, mzima... Ee Mungu, mpokee mja wako yule mpole, msamehe alipokosea, nasi tuliomcheka utusamehe, na huko aliko asiwe na haraka vilevile, atungoje, amina.