Robo ya Mjane

Mshonaji alikuwa ameshatoka eda shemeji yake alipompeleka kwa kadhi. Marehemu mumewe, fundi umeme, hakuacha mtoto. Aliacha nyumba ya vyumba vitatu waliyoijenga wote wawili, leo tofali, mwakani bati. Kiwanja kilikuwa kwa jina la mume, na jasho la mke halikuandikwa popote. Nyaya zote mume alizitandaza mwenyewe, na swichi ya chumbani aliiweka chini makusudi kwa kuwa mkewe ni mfupi. Akawa anamtania kwamba alioa bila kupima.

Mshonaji hakutaka makubwa. Alidai robo yake ya mjane, apate kubaki na chumba na ile kona ya cherehani. Shemeji, mdogo wa marehemu na ndugu yake pekee, akasema hakuna robo kwa kuwa hakukuwa na ndoa: aliyemwozesha si baba yake. Maneno hayo aliyaokota msibani, kwa bibi mmoja aliyewahi kuwa jirani wa mama yake mshonaji.

Mshonaji alicheka kwa dharau. Baba yake, fundi viatu, ndiye aliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano, ndiye aliyemlea peke yake mama alipofariki. Akaona shemeji amejimaliza. Asubuhi ya kesi alimpigia mzee kanzu pasi, akamfunga kifungo cha shingoni, akamwambia asiogope, aseme tu yalivyo. Njia nzima mzee alibaki nyuma hatua mbili. Binti alidhani ni miguu inamsumbua.

Chumba cha kadhi kilikuwa kidogo, feni inazunguka kwa kusitasita. Shehe aliyefungisha ndoa alikuwa ameshafariki, na mashahidi walijua tu walichokiona siku ile. Kadhi akaagiza msahafu. Mzee akauwekea mkono wake wenye madoa ya gundi na rangi ya viatu.

"Huyu binti umemzaa wewe?" kadhi aliuliza.

Mzee alimtazama mwanawe. "Nimemlea."

"Sikuuliza hilo, mzee wangu."

"Sikumzaa."

Mengine yalitoka kwa kuvutwa. Alimwoa mama wakati binti bado ananyonya, baba mzazi ameshazikwa. Lakini baba huyo mzazi alikuwa na mdogo wake, baba mdogo wa mtoto, yu hai mpaka leo na hakuulizwa kitu. Siku ya ndoa shehe aliuliza baba wa bibi harusi yuko wapi, naye mzee akanyanyuka, kama alivyokuwa akinyanyuka shuleni na hospitalini. Alijua haijuzu. Alishindwa kulitamka siku ile, na baadaye kila siku ikawa nzito kuliko ya jana.

Kadhi alihukumu kwa sauti ya upole. Bila idhini ya walii wa haki, yaani ndugu wa damu upande wa baba, ndoa haikuswihi. Wanandoa hawakuwa na dhambi, maana hawakujua, na mahari ni haki ya mwanamke. Urithi lakini haupo. Nyumba ni ya ndugu wa marehemu.

"Basi mimi nilikuwa nani kwake?" mshonaji aliuliza.

Kadhi akavua miwani, akaifuta.

Nje, mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi. "Mwanangu, mkono ulikuwa juu ya msahafu."

"Kwa hilo sikulaumu. Ungeniambia tangu nikiwa msichana. Baba mdogo angeitwa, angesema ndiyo, yangeisha siku hiyohiyo. Leo ningekuwa mjane wa mtu."

Mzee akainamisha kichwa.

Siku hizi mshonaji amepanga chumba nyuma ya soko. Mzee huja Ijumaa baada ya swala, huketi kizingitini, naye humtilia chai. Humshukuru kwa kuja, humwuliza hali ya miguu. Neno "baba" hulianza, kisha huuliza kama sukari imetosha. Na mteja mgeni akimwuliza kama ameolewa, husema amefiwa na... halafu huinamia kitambaa na kukanyaga cherehani kwa nguvu, mpaka mteja azungumze mengine.