Ramani ya Vyumba Vinavyofanana

Baada ya chakula cha mchana mchoraji alirudi mezani kwake, akapuliza makombo kwenye kibodi, akaendelea na mchezo. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za michezo ya maneno matupu, ile isiyo na picha: kompyuta inakuandikia ulipo, nawe unaiandikia unakotaka kwenda. Pembeni ya kioo, programu ya kuchorea iligeuza kila chumba kuwa kisanduku na kila njia kuwa mstari. Mchezo wa siku hiyo ulikuwa wa kumtafuta mbuzi wa mfalme, upuuzi mtupu.

Alipoandika "mashariki", kisanduku kipya kilijichora na mchezo ukasema: "Chumba cha saruji. Hakina dirisha. Mdogo wako yuko hapa."

Mdogo wake alikuwa amechukuliwa kiwandani mchana kweupe, baada ya kuuliza kwa sauti kwa nini wenzake wanakohoa damu. Kwenye ofisi kubwa ya mtaa wa pili familia ilipigwa danadana mpaka ikachoka: hatumjui, njooni kesho, hatumjui.

Akaandika: "Ongea na mdogo wangu."

"Shikamoo dada. Mbona mmekawia?"

"Marahaba. Umekula?"

"Mkate. Mgumu huo, acha tu."

Akampigia mama simu. Mama aliuliza kama mwanawe ana sweta.

Kumtoa kulitaka njia. Tabu ni kwamba vyumba vyote vya huko chini vilielezwa kwa maneno yale yale, na programu ikavidhania kuwa kimoja. Wachoraji wana dawa ya hilo: unadondosha kitu katika kila chumba, ili ukirudi ukitambue. Mchezo haukumpa kitu, basi akadondosha vya nyumbani. Alipoandika "dondosha kijiko", kijiko kilitoweka kabatini. Zikafuata sufuria, kitana, pasi, kisha kiatu cha kushoto cha wifi yake, mke wa huyo mdogo.

"Chukua na cha kulia," wifi alisema kwenye simu. "Kimoja nitakwenda nacho wapi?"

Nyumba ilipobaki na godoro na mama, ramani ilikamilika. Mstari ulipanda ngazi, ukatokea kwenye mlango mdogo wa chuma nyuma ya ile ofisi kubwa. Mlango ulikuwa na kufuli, kwa hiyo wanawake hao watatu waliichapisha ramani, mchoraji akaitia saini yake kama kawaida, wakapitia mbele kistaarabu. Walikuwa na furaha hata wakasahau kununiana.

Ofisa wa mapokezi aliikagua kisanduku kwa kisanduku. "Mmejitahidi, jamani. Sisi wenyewe huwa tunapotea humo." Akaomba ibaki kwake. Kuhusu mtu, akasema hamjui.

Kesho yake mchoraji aliingia tena chumbani.

"Dada, mafundi wamekuja," mdogo wake alisema. "Wameziba ule mlango wa chuma kwa matofali, wakapiga na lipu. Bado mbichi."

"Wamekuumiza?"

"Hata. Walikuwa na karatasi yenye saini yako. Wamesema bila hiyo wangehangaika."

Mchoraji alilia kwa sauti, mpaka jirani wa meza akamletea maji. Akanywa, akashukuru. Kisha akaufuta ule mstari, maana mlango haukuwepo tena, na yeye hakuwahi kutoa ramani yenye makosa.