Isale la Isack

Kipindi cha mwisho siku ya Ijumaa, Mwalimu Elinipendo aliandika ubaoni neno moja la Kiingereza, impunity, akatamani kulifuta. Ilibidi alieleze. Aliwaambia kidato cha tatu kuwa ni hali ya mtu kufanya kosa asiadhibiwe, akaendelea kupita mbele za watu kifua mbele.

Brenda akanyoosha mkono. "Mwalimu, mtu akipeleka jani la isale kuomba msamaha, akasamehewa, naye tumwite hivyo?"

"Hapana. Anayepeleka isale amekiri. Neno hili ni la yule asiyekiri wala kuguswa."

Jibu lilikuwa sahihi, lakini alilifuta lile neno kabla kengele haijalia.

Wiki mbili nyuma aliazima pikipiki ya mdogo wake Isack, akamgonga ng'ombe mtamba wa Mzee Sifael kwenye kona ya njia ya Masama, akatimua mbio. Mtamba alivunjika mguu, ikabidi achinjwe. Watu waliitambua pikipiki. Isack, akihofia dada yake asije akapoteza kazi, akajitwika lawama. Elinipendo akanyamaza. Uoga tu, hakuna jina jingine.

Jioni ile walikwenda kwa mzee. Isack alishika jani bichi la isale, mjomba wao Filemon alibeba ndoo ya mbege, pombe ya ndizi. Uchaggani ukiletewa isale huna budi kusamehe, kwa hiyo mambo yangeisha pale pale. Elinipendo alijua hivyo, lakini njia nzima alikuwa akivua kandambili na kuivaa tena, akisingizia mchanga. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Shikamoo, babu," Isack alisema uani.

"Marahaba. Sema kosa lako, mjukuu wangu."

Isack aliinua jani. "Nilikuwa naendesha kwa kasi, halafu..."

Elinipendo akampokonya jani, akapiga magoti kwenye majani ya migomba. "Babu, aliyegonga ni mimi. Huyu hakuwepo kabisa."

Mjomba Filemon aliweka ndoo chini. Mzee Sifael alimtazama mwalimu, hasira ikimcheza mashavuni, kisha akanyoosha mkono akalipokea jani.

"Langu nimelipata," alisema. Akamwonyesha Isack kwa kidevu. "La huyu aliyebeba kosa lako liko wapi?"

Elinipendo akamgeukia mdogo wake, mikono mitupu.