Kichwa Kilichosema Ndiyo

Mwezi wangu wa kwanza wa kazi katika hospitali ile ya pwani ya Uingereza, niliota maneno. Sikuota watu wala milima ya kwetu Smolyan. Disfagia na disfasia walinijia kama pacha wa kike waliovaa gauni la aina moja, wakitembea ndani ya ukungu. Mmoja amejishika koo, kwa sababu hawezi kumeza. Mwingine amejishika mdomo, kwa sababu usemi umempotea. Kila nikiuliza nani ni nani, wanacheka na kubadilishana nafasi.

Mimi, Rangel, si mtu wa kuchekwa na maneno. Niliwafunga kwa mistari miwili niliyoitunga kwa Kibulgaria huku nikinyoa ndevu:

*Yenye gi yashika gego, chakula hakipitiki;*
*yenye si yashika siri, neno halitamkiki.*

Tangu siku hiyo sikuwachanganya tena.

Asubuhi moja ukungu wa kweli ulipanda kutoka baharini ukaegemea madirisha, wodi ikawa kama inaelea. Kwenye kitanda cha nne alilala Bibi Askew, aliyepata kiharusi. Alikuwa ameletwa alfajiri usingizini, na wodini kwetu hakuna aliyewahi kusikia sauti yake. Kibao cha kukataza chakula kilikuwa bado hakijatundikwa. Faili lilisema disfagia. Kijiko kimoja cha uji kingeweza kupotea njia, kikaingia mapafuni na kumuua. Niliyelisoma faili ni mimi peke yangu.

Sista Deirdre, mwanamke mpana mwenye haraka zake, alikuja na sinia la uji.

"Rangel, kipenzi! Huyu wa nne ndiye yule wa usemi, siyo? Nimlishe?"

Nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono cha mzee mmoja, nahesabu mapigo yake. Sikutaka kupoteza hesabu, kwa hiyo nikamjibu kwa kichwa, kama mama alivyonijibu kila nilipoomba peremende kabla ya chakula: juu, chini. Kwetu hiyo ni hapana, tena hapana isiyo na rufaa.

"Haya, mwanangu," akasema Deirdre, akaenda.

Sitini na mbili. Sitini na tatu. Ukungu ulipumua kwenye vioo. Harufu ya uji ikanipitia puani, taratibu, kama mgeni anayetafuta nyumba. Nikageuka. Bibi ameinuliwa juu ya mito, macho yamefunguka, na kijiko kinapanda kuelekea mdomoni mwake.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Hapana, Sista!" Na kichwa changu, Mungu anisamehe, kikazidi kwenda juu, chini.

Kijiko kikasimama hewani.

"Mbona unaitikia, basi? Umerogwa? Shika moja!"

Ndipo kwenye mito ikatoka sauti kavu, iliyonyooka:

"Sikiliza mdomo wake, binti. Kichwa cha kijana ni cha kuotea nywele tu."

Deirdre alimkodolea macho. "Kumbe unaongea!"

"Sijanyamaza tangu nizaliwe. Kumeza ndiko kumenishinda."

Deirdre aliweka bakuli chini kwa mikono miwili, akakaa ukingoni mwa kitanda. Uso ulikuwa umemwisha damu.

"Ningemuua," akanong'ona.

"Mimi ndiye ningemuua," nikasema. Nilikuwa sijawahi kukiri kosa mbele ya mtu. Nikamweleza jinsi vichwa vya kwetu vinavyosema.

"Basi hicho kichwa ukitie breki," akasema, akaenda kutafuta kibao.

Tangu hapo, nikiulizwa jambo, hushika kidevu kwanza. Bibi Askew hunipigia kelele kutoka kitanda cha nne: "Kamata hicho kidevu, wewe! Kitatuzika!"

Mchana wa siku ile ya uji nilisinzia kwenye kiti cha chumba cha chai, na wale pacha wakaja. Mmoja akasogea karibu, mkono shingoni, akaniuliza kama namjua. Nikashika kidevu, nikamtaja kwa sauti.

Hakucheka.